Mapatano ya Madola na Uhajiri wa Watu: Usambara katika Vita Viwili vya Ulaya

Wanazuoni wa taarikhi ya Ulaya wamehojiana kwa muda mrefu juu ya swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kuwa mbali mno na milima yetu: je, vita ndivyo viwahamishavyo watu, au haja ya watu ya kuhama ndiyo iyavutayo madola hata yakaingia vitani, na yale mapatano ya ushirika ambayo wafalme na mawaziri hutiliana saini kabla ya risasi ya kwanza kulia, yana sehemu gani katika kuamua nani abaki kwake na nani afungashe virago? Swali hili aghalabu hujibiwa kwa mifano ya Poland, Urusi, Ubelgiji na nchi za Balkani, kana kwamba bara letu lilikuwa baraza la kukalia watazamaji. Nia yangu ni kulichukua swali lilo hilo na kulipandisha Lushoto, kwa kuwa ni miongoni mwa mahali pachache katika Afrika ya Mashariki ambapo athari za mapatano hayo zilionekana mara nyingi namna ile katika umri wa mtu mmoja. Mtu aliyezaliwa Vuga au Mlalo mwaka 1885, akajaliwa kuishi miaka sabini, aliwaona Wajerumani wakipanda mlima na kujikatia mashamba, akawaona wakitolewa, akawaona wakirudi, akawaona wakikusanywa tena na kupelekwa kusikojulikana. Na katika mambo hayo manne hakuna hata moja lililoamuliwa katika milima ya Usambara.

Miongoni mwa walioandika juu ya jambo hili kwa upana ni Eugene Kulischer, mtaalamu wa hesabu za watu aliyezaliwa Urusi na kuhamia Marekani, ambaye katika kitabu chake juu ya mwendo wa watu wa Ulaya, kilichotolewa mwaka 1948, alishikilia ya kuwa vita na uhajiri ni mambo yaliyofungamana: watu hutoka palipojaa kwenda palipo na nafasi, na njia ya amani ikizibwa, msukumo hutafuta njia ya vita. Kabla yake, mwaka 1915, W. E. B. Du Bois, mwanachuoni Mwamerika mweusi, alikwisha kuandika ya kwamba mizizi ya vita vya Ulaya ichimbwe Afrika, kwa maana ushirika wa madola yale uliumbwa na husuda ya kugawana ardhi na kazi ya watu weusi. Hizi ni rai mbili zenye nguvu, na kila moja ina wafuasi wake hata leo. Mimi naona ya kwamba ya Du Bois imestahimili mitihani kuliko ya Kulischer, na Usambara ni mmoja wa mitihani hiyo.

Tuitazame kwanza hoja ya nafasi. Katika muongo ulioanza mwaka 1881, Wajerumani waliohama nchi yao walizidi milioni 1.3, na wengi wao mno walikwenda Marekani. Watetezi wa makoloni, Carl Peters akiwa mmojawapo, walilia ya kuwa nguvu ya taifa inamwagika chini ya bendera ya wageni, na kwamba itafutwe nchi ambayo mhajiri Mjerumani angeweza kulima bila ya kuacha kuwa Mjerumani. Kwa hoja hiyo Peters alipita bara mkabala wa Unguja mwishoni mwa mwaka 1884, akikusanya alama za machifu juu ya karatasi walizokuwa hawawezi kuzisoma. Lakini hoja ilikwisha kuchakaa kabla ya mji wa Lushoto kujengwa. Viwanda vya Ujerumani vilipanuka, kazi ikapatikana nyumbani, na tangu katikati ya miaka ya 1890 idadi ya waliohama ikashuka mno. Mwaka 1913, baada ya takriban miaka 30 ya utawala, Wazungu wa mataifa yote katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani walikuwa 5,300 hivi, na Wajerumani kati yao walizidi 4,000 kwa kiasi kidogo tu, pamoja na maofisa, askari, wamisionari, wanawake na watoto. Meli mbili kubwa za zama zile zilizokuwa zikienda New York zingaliweza kuwabeba wote kwa safari moja.

Kwa hiyo, yule mhajiri mwenye njaa ya ardhi ambaye koloni lilitafutwa kwa ajili yake, hakuja. Aliyekuja Usambara ni mtu wa namna nyingine: mwenye kampuni nyuma yake, au akiba yake mwenyewe, aliyevutwa na baridi ya milima iliyo juu ya mbu wa homa, pamoja na reli iliyoanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Mji wa boma, yaani Lushoto ya leo, ukaitwa Wilhelmstal kwa jina la Kaisari. Amri ya mwaka 1895 iliifanya ardhi iliyohesabiwa kuwa haina mwenyewe kuwa mali ya dola, ilhali katika Usambara, ambako Mshambaa hulima hapa msimu huu na kupumzisha pale kwa ajili ya msimu ujao, ardhi iliyoonekana tupu machoni mwa mgeni ilikuwa na wenyewe waliojulikana kwa majina. Milima hiyo haikuwa nafasi tupu ya kumiminia watu wa Ulaya; ilikuwa nchi iliyojaa, yenye miji iliyosongamana juu ya vilele na dola ya ukoo wa Wakilindi ambayo mmisionari Krapf aliizuru Vuga mwaka 1848, akaistaajabia.

Tena yafaa msomaji azingatie ya kuwa nchi iliyodaiwa kutafutwa kwa ajili ya watu waliozidi, mara ikalia upungufu wa watu. Mlowezi mwenye shamba la kahawa, mpira au katani hakuwa na wa kulilima. Mwaka 1907 ikawekwa wilayani Wilhelmstal kanuni ya kadi, ambayo wengi tuliisikia kwa wazee kwa jina la kipande: kila mwanamume mwenye nguvu apewe kadi, afanye kazi kwa Mzungu siku 30 katika kila miezi minne, na asiyetimiza atiwe katika kazi za serikali. Hata hivyo Washambaa hawakutosha, na hawakupenda, na kutoka Unyamwezi na Usukuma wakaletwa watu kwa maelfu kulima mashamba ya Tanga na Usambara. Huo ndio uhajiri wa umma uliotokea hapa kweli: uhajiri wa Waafrika ndani ya Afrika, uliofanywa na Wazungu wachache kwa jina la uhajiri wa Wazungu ambao haukutokea.

Sasa tuje kwenye mapatano. Ujerumani, Austria-Hungaria na Italia zilifungamana mwaka 1882. Ufaransa na Urusi zikafungamana katika miaka ya 1890. Uingereza ikaafikiana na Ufaransa mwaka 1904 na Urusi mwaka 1907. Walioyaandika mapatano haya walikuwa wakiwaza mito ya Ulaya na mipaka ya Ulaya, ijapokuwa yale ya mwaka 1904 yenyewe yalikuwa biashara ya Misri kwa Moroko. Afrika ilikuwa na mkataba wake, wa Berlin wa mwaka 1885, ulioacha mlango wazi kwa nchi za bonde la Kongo na jirani zake, hata pwani yetu, zisihusishwe na vita vya mabwana zao. Heinrich Schnee, gavana wa Kijerumani, aliutegemea mlango huo mwezi Agosti 1914, na wapo Waingereza wa Nairobi waliokuwa na fikira kama yake. Haukupitika. Mauaji ya Sarajevo ya Juni 28 yaliivuta Austria, Austria ikaivuta Ujerumani, Serbia ikaivuta Urusi, Urusi ikaivuta Ufaransa, uvamizi wa Ubelgiji ukaivuta Uingereza. Na mapema mwezi Novemba wa mwaka uo huo, askari wa Kihindi waliopandishwa meli Bombay walikuwa wakifa katika mashamba ya mpira na minazi nje ya Tanga, wakipigana na askari Waafrika wa kamanda wa Kijerumani von Lettow-Vorbeck. Kati ya waliokufa pande zote mbili, wachache mno ndio waliozaliwa katika nchi zilizotia saini.

Ushirika ukaendelea kukua, na kila aliyeingia alikuja na haja yake. Wabelgiji wakaingia kutoka Kongo, wakaitwaa Tabora mwezi Septemba 1916. Ureno ikaingia vitani mwaka uo huo. Na vita vilipokwisha, Ubelgiji ikapata Ruanda na Urundi, na Ureno pembe ndogo ya Kionga kusini ya mto Ruvuma. Mipaka ya Tanzania tunayowafundisha watoto darasani ni, kwa sehemu hiyo, malipo ya washirika. Usambara yenyewe iliangukia mikononi mwa majeshi ya Uingereza chini ya jenerali Smuts mwezi Juni 1916, walipokuwa wakiteremka na bonde la Pangani kuifuata reli. Kule Amani, katika Usambara ya Mashariki, chuo cha utafiti wa mimea kilichoanzishwa mwaka 1902 kilikuwa kimekwisha kugeuzwa karakana ya nchi iliyozingirwa baharini, kikitengeneza kwinini kutokana na miti yake ya sinkona, na mengineyo ambayo meli hazikuweza tena kuleta.

Na watu waliosombwa na vita hivyo ni wengi kuliko wasomaji wengi wadhanivyo. Waingereza na washirika wao walitumia wapagazi waliokaribia milioni moja, na waliokufa kati yao, kwa hesabu ambazo Waingereza wenyewe walizikiri, wanakaribia laki moja, wengi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Hawa hawakuitwa wahajiri wala wakimbizi, nao hawamo katika vitabu vya uhajiri wa vita kuu ya kwanza, ingawa mtu aliyetolewa Ukambani au Pare akaenda kufia Rufiji alihamishwa na vita kama alivyohamishwa Mbelgiji aliyekimbilia Uingereza. Katika jambo hili naona lawama iwaangukie wanazuoni wa Ulaya waziwazi, na sisi pia tuliowafuata bila ya kuuliza.

Mkataba wa Versailles wa Juni 28, 1919 una ibara moja, ya 122, ambayo naipendekeza kwa kila mwalimu wa taarikhi wa mkoa wa Tanga. Ibara hiyo iliyapa madola yaliyotwaa makoloni ya Ujerumani ruhusa ya kuwarudisha Wajerumani kwao, na kuamua kwa masharti yapi waruhusiwe, au wasiruhusiwe, kukaa, kumiliki mali na kufanya biashara. Kwa maneno machache hayo, watu waliokuwa wamezaa watoto Lushoto, Soni na Bumbuli walipandishwa meli mwaka 1919 na 1920, na mashamba yao yakaandikwa mali ya adui na kutiwa mnadani. Walioyanunua, zaidi ya Waingereza, ni Wahindi na Wagiriki. Mgiriki alikuwa amekuja nchini zama za Wajerumani kama mkandarasi wa reli. Lau serikali yake isingalijiunga na washirika mwaka 1917, baada ya mvutano mkali baina ya mfalme na waziri wake Venizelos, huenda naye angalisimama upande wa wanaonyang'anywa badala ya upande wa wanaonunua. Mshambaa, ambaye ardhi ile ilikuwa ya babu zake kabla ya kuwa ya Kaisari, hakuwa na upande katika mnada huo. Hakuna kifungu cha mkataba kilichomtaja.

Palikuwa na jambo moja jema lililotokea katika pengo hilo, nalo halistahili kusahauliwa. Wamisionari wa Bethel walikuwa wameingia Mlalo tangu mwaka 1891, akina Johanssen na Wohlrab, na walipoondolewa, makanisa na shule za Usambara zilibaki mikononi mwa walimu Washambaa. Walifundisha, walibatiza kwa kadiri walivyoruhusiwa, walitunza hesabu, wakaamua kesi za ndoa. Waliporudi wamisionari katikati ya miaka ya 1920, waliikuta kaumu iliyozoea kujitawala katika mambo yake. John Iliffe, katika kitabu chake kikubwa juu ya taarikhi ya Tanganyika kilichotoka mwaka 1979, amelionyesha jambo la namna hii katika sehemu nyingi za nchi. Nami naliona kuwa mfano bora wa jinsi ambavyo mapatano ya wakubwa huzaa matunda ambayo wakubwa hawakuyapanda.

Kurudi kwa Wajerumani nako kulikuwa tunda la diplomasia. Mwaka 1925 marufuku ya raia wa maadui wa zamani iliondolewa Tanganyika, mwishoni mwa mwaka huo ukatiwa saini mkataba wa Locarno, na mwaka uliofuata Ujerumani ikakaribishwa katika Shirikisho la Mataifa. Waliorejea wakanunua mashamba, baadhi kwa msaada wa fedha kutoka Berlin, na ilipofika mwaka 1939 Wajerumani wa Tanganyika walikuwa takriban 3,000, wengi wao wakikaa katika milima: Usambara, Kilimanjaro, Oldeani, Mufindi. Hitler alipoanza kudai makoloni yarudishwe, na matawi ya chama chake yakafunguliwa miongoni mwa walowezi, hofu iliwashika Waingereza, Wahindi na Waafrika pamoja, na magazeti ya Dar es Salaam yaliyajadili madai hayo kwa ghadhabu.

Vita vilipotangazwa Septemba 3, 1939, wanaume wa Kijerumani walikamatwa katika muda wa siku chache. Baadhi walirudishwa Ujerumani mwaka 1940, wengine wakapelekwa makambini Afrika Kusini na Rhodesia ya Kusini, na mashamba yakawekwa tena chini ya msimamizi wa mali za adui. Kazi ya misheni za Kilutheri ilipokewa na Waamerika wa sinodi ya Augustana. Na hapa pana jambo ambalo huonyesha kwa uwazi jinsi sheria za vita zilivyomtazama mtu: nchini Kenya, mnamo mwaka 1939, Wayahudi waliomkimbia Hitler mwenyewe waliwekwa kizuizini pamoja na wengineo kwa sababu walikuwa wamechukua karatasi za Kijerumani. Waliachiliwa baadaye, lakini kwanza serikali ilisoma pasipoti.

Kuhusu Wapolandi, ambao nao waliletwa Tanganyika na vita hivyo, inafaa nitulie zaidi, kwa sababu hakuna mfano mwingine uonyeshao kwa ukamilifu hivi nguvu ya mapatano ya vita juu ya maisha ya umma. Agosti 23, 1939 Ujerumani na Urusi ya Kisovieti zilipatana kutoshambuliana, na kwa siri zikaigawanya Poland. Wajerumani wakaingia Septemba 1, Warusi wakaingia Septemba 17. Kuanzia Februari 1940 hadi Juni 1941, kwa mikupuo minne, familia za mashariki ya Poland zilitolewa majumbani usiku, zikatiwa katika mabehewa ya mizigo na kupelekwa Siberia na Kazakhstan. Wanazuoni hawajapatana juu ya idadi yao. Serikali ya Poland iliyokuwa uhamishoni na waandishi waliofuata rai yake walitaja milioni moja na zaidi; hifadhi za polisi wa siri wa Kisovieti zilipofunguliwa baada ya mwaka 1989, zikatoa hesabu ya laki tatu na ziada kwa mikupuo hiyo minne. Wapo wasemao hesabu ya pili ndiyo ya kutegemewa kwa kuwa imeandikwa na waliofanya kazi hiyo. Wapo wajibuo ya kuwa haiwahesabu waliokamatwa mmoja mmoja, wala waliochukuliwa jeshini, wala wafungwa wa vita. Naelemea upande wa hifadhi, lakini sioni kuwa udogo wa hesabu unapunguza ukubwa wa dhuluma.

Kisha mkataba ukavunjwa. Juni 22, 1941 Hitler aliishambulia Urusi, na Stalin, aliyekuwa adui wa Poland, akawa katika muda wa wiki chache tu mshirika wa Uingereza, na kwa hiyo mshirika wa Poland. Julai 30 Sikorski, waziri mkuu wa Poland aliyekuwa uhamishoni, na Maisky, balozi wa Kisovieti, walitia saini mapatano mjini London. Agosti 12 ukatangazwa msamaha kwa Wapolandi waliohamishwa. Msamaha kwa kosa lipi, haikuelezwa. Jeshi likaundwa chini ya jenerali Anders, na raia waliodhoofika wakaanza kumiminikia kusini kulifuata, kwa kuwa palipo na jeshi palikuwa na mkate. Mwaka 1942, mwezi Machi na Agosti, watu wapatao 115,000 walivushwa bahari ya Kaspi mpaka Iran. Karibu theluthi moja walikuwa raia, wengi wanawake na watoto. Uingereza ikatafuta pa kuwaweka. Walipelekwa India, Mexico, New Zealand, na zaidi ya 18,000 wakaja Afrika ya Mashariki na ya Kati: Masindi na Koja katika Uganda, kambi kadhaa za Kenya na Rhodesia zote mbili, na katika Tanganyika kambi za Tengeru, Kondoa, Ifunda, Kidugala na Morogoro. Tengeru, karibu na ziwa Duluti, ilikuwa kubwa kupita zote nchini, yenye watu wapatao 5,000, vibanda vya udongo na makuti, makanisa, shule, hospitali na bustani. Meli zao ziliegesha Mombasa, Tanga na Dar es Salaam. Mtu aliyeshukia Tanga akaenda Arusha alipanda ile reli ya Usambara, akapita Mombo chini ya milima ambayo muda mfupi kabla yake walikuwa wametolewa Wajerumani.

Jochen Lingelbach, mwanahistoria Mjerumani aliyechapisha utafiti wake mwaka 2020, ameonyesha ya kuwa wakimbizi hawa waliwatia watawala wa kikoloni katika taabu ya fikira. Ngozi yao ilikuwa nyeupe, lakini hawakuwa na mali, hawakujua Kiingereza, walilima kwa mikono yao, na wanawake wao walinunua mayai na ndizi kwa majirani Wameru bila ya kuzingatia heshima ambayo utawala ule uliitegemea. Kwa hiyo waliwekwa mbali na miji, chini ya makamanda, wakatazamiwa kuondoka mapema. Hoja yake naikubali. Lakini ningependa mtafiti mwingine aitazame kwa upande wa pili, awaulize Mmeru na Mwarusha waliona nini, kwa maana katika vitabu hivi majirani hao hutokea kama wauzaji wa ndizi na wapishi tu, hali ya kuwa eneo la Meru lilikuwa na njaa ya ardhi iliyowafikisha mwaka 1952 hata Umoja wa Mataifa huko New York, kupitia kwa Kirilo Japhet.

Kuondoka mapema hakukuwezekana, kwa sababu ya mapatano mengine tena. Mwezi Aprili 1943, makaburi ya Katyn, ya maofisa wa Poland waliouawa na Wasovieti, yalipofichuliwa, Stalin alikata uhusiano na serikali ya Poland. Huko Tehran mwishoni mwa mwaka huo, na Yalta Februari 1945, Churchill na Roosevelt walikubali ya kuwa mashariki ya Poland iwe ya Wasovieti. Na Julai 1945 Uingereza ikaacha kuitambua serikali ile ya London. Mama aliyekaa Tengeru akingoja kurudi Lwów au Wilno aliambiwa ya kuwa vita vimekwisha kwa ushindi wa upande wake, na nyumba yake iko katika nchi nyingine. Wachache walirudi Poland. Wengi walikwenda Uingereza baada ya sheria ya mwaka 1947 ya kuwapokea Wapolandi. Yatima zaidi ya mia moja wa Tengeru walipelekwa Canada mwaka 1949, huku serikali mpya ya Warsaw ikipiga kelele kuwa wametekwa. Na mapema mwaka 1950 meli ya General Langfitt iliwachukua zaidi ya elfu moja kutoka Mombasa mpaka Australia. Makaburi ya Tengeru, 150 hivi, yanatunzwa mpaka leo.

Miaka ile ile ambayo wakimbizi hao walikuwa wakipewa mablanketi na nambari za kambi, palikuwa na watu wengine waliokuwa wakihamishwa katika nchi ile ile. Japani, mshirika wa Ujerumani kwa mkataba wa Septemba 1940, ilizitwaa Ufilipino na visiwa vya Waholanzi mwanzoni mwa mwaka 1942, na kwa hayo katani ya Asia ikapotea kwa Uingereza na Marekani. Malaya ikaanguka, na mpira ukapotea vilevile. Mara mashamba ya Tanga, Korogwe na Muheza yakawa ghala la washirika. Miti ya zamani ya mpira iliyopandwa na Wajerumani, ikaachwa ikaota vichaka, ikagemwa upya. Serikali ikatumia sheria ya vita kuwaandikisha wanaume kwa nguvu, na kuwapeleka mashambani kwa maelfu mengi, mbali ya Watanganyika takriban 87,000 waliochukuliwa jeshini, ambao wengine walifika Uhabeshi, Bukini na Burma. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaanzisha ofisi yao ya kuajiri, SILABU, na wale manamba waliokuja kutoka Ubena, Songea, Kigoma na Ruanda-Urundi waliendelea kuja miaka mingi baada ya amani. Wajukuu wao wamejaa Korogwe na Mombo, wakisema Kisambaa na Kizigua kama wenyeji, na ni wenyeji.

Ninapovisoma vitabu vya uhajiri wa vita kuu ya pili, ninawaona Wapolandi wa Tengeru kila mara, na ni haki yao. Simwoni Mmanyema wala Mha aliyetolewa kwake mwaka 1943 kwa ajili ya kamba za meli za washirika, ingawa aliyemwondoa ni mkataba wa Berlin, Roma na Tokyo kama ulivyomwondoa Mpolandi ule wa Moscow. Sababu ya kutomwona ni ya kazi ya uandishi: mmoja yumo katika majalada ya wakimbizi, mwingine katika majalada ya idara ya kazi, na mwanafunzi wa uhajiri hapelekwi kwenye majalada ya kazi. Hili laweza kurekebishwa, na warekebishaji wapasa kuwa ni sisi.

Na ardhi ya mlimani? Mashamba yaliyonyang'anywa Wajerumani mara ya pili yaligawiwa tena kwa kukodishwa, na Mshambaa akaambiwa ya kuwa tatizo lake ni namna yake ya kulima. Tangu mwaka 1946 katika bonde la Mlalo, kisha kote Usambara, akalazimishwa kukata matuta ya kuzuia mmomonyoko, kazi ambayo kwa sehemu kubwa iliwaelemea wanawake, katika viwanja ambavyo kwa udogo wake havikuweza kupumzishwa. Steven Feierman, aliyeitafiti Usambara kwa miaka mingi, ameeleza mwaka 1990 jinsi wakulima wenyewe walivyoijadili hali hiyo, wakaipinga, wakaifikisha kwa chama cha TANU, hata mpango ukaachwa mwaka 1957. Kusongamana kwa watu juu ya ardhi, ambako Peters na wenziwe walidai kukuona Ujerumani, kulikuwa kumetokea hapa. Na vijana wa Mlalo, Mtae na Bumbuli, waliokosa pa kugawiwa na baba zao, wakaanza kuteremka kwenda kutafuta maisha Mombo, Mkomazi, Tanga na Dar es Salaam, na wanateremka hata sasa.